Labda Utapita

Shuleni walimwita Bi Mizani, na yeye alijua. Mwalimu anayesema hajui jina alilobandikwa na wanafunzi ama ni kiziwi ama anajikaza kisabuni. Yeye hakuwa kiziwi. Tena jina lenyewe alilipenda kimoyomoyo, maana aliona lina heshima. Mwenzake wa hesabu, mzee mwembamba waliyemwita Desimali kwa kuwa hakubali jibu lisilo na nukta, hakuwa na bahati hiyo.

Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido, baada ya maktaba, katika chumba ambamo zamani zilihifadhiwa ramani. Fito mbili tatu za ramani zilikuwa bado zimeegemea ukuta nyuma ya mlango, na ukiufungua mlango kwa pupa zinakuangukia. Kwa hiyo wanafunzi waligonga na kuingia taratibu. Aliombwa mara nyingi aruhusu fito hizo ziondolewe, akakataa. Alisema zinafundisha adabu kuliko kanuni zote za shule zilizobandikwa ubaoni.

Kazi yake ilikuwa kuwaambia vijana wa kidato cha mwisho ni mlango gani wa chuo utawafungukia na upi utawabana vidole. Kila kijana alichagua vyuo vitatu kwa mpangilio, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kabla ya kuchagua alipaswa kupita mbele yake. Aliwasikiliza, akaangalia alama zao, akakumbuka wote aliowahi kuwapeleka wakiwa na alama kama hizo, kisha akatoa neno. Si sentensi, neno. Alikuwa na manne tu.

Yamkini maana yake: watoto wa aina yako niliowapeleka kule, wengi wao waliingia. Huenda maana yake: nusu waliingia, nusu walirudi. Labda maana yake: waliingia wachache, na wao wenyewe walishangaa. La mwisho lilikuwa asaa, neno la kumwachia Mungu: sikuzuii, lakini usifunge mizigo. Neno lazima hakuwa nalo, wala haiwezekani. Hayo aliwaachia wapiga ramli.

Shule nzima iliyajua maneno hayo na uzito wake. Msimu wa maombi ukifika, koridoni husikii kingine.

"Umepewa nini?"

"Huenda mbili na yamkini moja."

"Una raha wewe! Mimi nimepigwa asaa ya uso."

Ilisimuliwa hata habari ya kijana mmoja aliyemwomba binti wa darasa la jirani wakae pamoja siku ya mahafali, binti akamjibu "labda". Wenzake wakamuuliza, "Labda ya sokoni au labda ya Bi Mizani?" Maskini, akarudi kwenda kuuliza.

Maneno hayo hakuyaokota njiani. Mumewe, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule hiyohiyo, aliugua kwa muda mrefu kabla ya kufariki, na katika kuugua kwake madaktari walisema kila kitu. Huenda dawa ikasaidia, labda tumpasue, yamkini akapata nafuu, yote kwa sauti ileile na tabasamu lileile. Yeye, mwanamke aliyesoma na kusomesha, alikaa kwenye benchi la wodi akijaribu kupima labda ya leo ina uzito gani mbele ya huenda ya jana. Hakuna aliyemwambia. Aliporudi kazini baada ya msiba na kupewa chumba cha ramani na kazi ya ushauri, aliapa kwamba hakuna mtoto wala mzazi atakayetoka mlangoni kwake bila kujua neno alilopewa lina kilo ngapi.

Kiapo cha pili kilikuwa kwamba mizani haivuki kizingiti cha nyumba. Na watu walimjaribu. Walimvizia kwenye foleni ya benki, walimvizia kwa mshonaji, na kuna mara fundi bomba, kichwa chake kikiwa ndani ya kabati chini ya sinki, alimuuliza kuhusu mwanawe. "Kaza hiyo nati kwanza," akamwambia. "Kesho mlete mtoto ofisini."

Haikuwa ukali wa bure. Yao iliitwa nyumba ya walimu, na sifa yake katika mtaa ule ilikuwa moja: hawabebi mtu. Marehemu alikuwa na msemo aliourudia mpaka wanafunzi wakawa wanammalizia, kwamba jina jema hung'aa gizani. Mjane wake alilitunza jina hilo kama mwingine anavyotunza sahani za kioo. Halikutoka kabatini kwa kila mgeni.

Basi mwaka ule ikawa zamu ya mjukuu wake.

Mjukuu huyu alikuwa binti wa mwanawe wa pekee, mhandisi wa barabara. Alikaa kwa bibi yake kwa sababu shule ilikuwa hatua chache kutoka pale, na nyumbani kwao ni upande wa pili wa mji. Wenzake walimwita Rula, kwa kuwa alitembea na rula kwenye mfuko wa koti kama wengine wanavyotembea na kitana. Alipima kila kitu: upana wa mlango, kimo cha ngazi, umbali kutoka jiko mpaka sinki. Bibi yake, kama mabibi wengi, alimtania kwa kumwita mke mwenza, na Rula naye alimwita marehemu babu yake "mume wetu", picha ya marehemu ikiwatazama wote wawili kutoka ukutani.

Rula alitaka kusoma usanifu wa majengo. Chuo alichokitaka kilikuwa kile ambacho wanafunzi walikipa jina la Tundu la Sindano, na jina lilijieleza lenyewe. Kilichukua wachache mno, na kilikuwa na maringo: hakikumtazama mtu aliyekiweka chaguo la pili. Ukikitaka, ukiweke cha kwanza. Wakikukataa, unashuka kwenye chaguo lako la pili ukiwa umechelewa, wengine wameshakaa vitini. Chuo kingine kilichofundisha usanifu, walichokiita Matofali, hakikuwa na maringo hayo. Kwa hiyo kukiandika kwanza kulihitaji moyo, na kabla ya moyo kulihitaji neno la Bi Mizani.

Na neno hilo halikutoka.

Darasa zima lilipita kwenye chumba cha ramani. Zamu ya Rula ilipofika, aliambiwa kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Bi Mizani alijua anachokikimbia. Mwamba ngoma huvutia kwake: akisema yamkini, watu watasema bibi kapendelea. Akisema labda, atalala akijiuliza kama amemshusha mtoto ili yeye mwenyewe aonekane safi. Kinyozi hajinyoi, alijiambia, na siku zikaenda.

Ndipo ikaja Jumamosi ya kifungo.

Kifungo cha koti la shule la Rula kilikuwa kimeng'oka, na Bibi aliketi dirishani mchana ule kukishona. Uzi mweusi, sindano nyembamba, macho ya mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote. Aliulamba uzi, akauchongoa kwa vidole, akaunyanyua kwenye mwanga. Ukapita pembeni. Akaulamba tena.

Rula alikuja akasimama mlangoni nyuma yake. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi.

"Bibi."

"Mm."

"Unaonaje... Tundu la Sindano..."

Bibi hakugeuka. Ncha ya uzi ilikuwa ndiyo kwanza imeelekea inakotakiwa, na yeye amebana pumzi.

"Labda utapita," akasema.

Ukapita pembeni tena. Alipogeuka kuomba msaada wa macho ya kijana, mlangoni hapakuwa na mtu. Akatikisa kichwa, akasema watoto wa siku hizi wakisikia kazi wanayeyuka, akajaribu tena mpaka uzi ukakubali.

Siku ya Jumatatu, wakati wa chai ya saa nne, Desimali alivuta kiti karibu naye katika chumba cha walimu. Yeye ndiye aliyesimamia chumba cha kompyuta ambamo wanafunzi walituma maombi yao.

"Bi Mizani, mimi si mtu wa kuingilia mambo."

"Unaingilia tangu siku niliyokufahamu."

"Basi naingilia kidogo, sifuri nukta mbili. Mjukuu wako kaja mapema leo kuchagua. Matofali kakiweka cha kwanza. Tundu la Sindano hakipo. Si cha kwanza, si cha tatu. Nikamuuliza, akasema kwani kapewa labda. Nikasema haya, bibi yake kampima kimyakimya. Lakini nimekaa nikaifikiria labda hiyo. Alama zake hazifanani nayo."

Chai ikampalia Bi Mizani. Desimali akampigapiga mgongoni, kwa heshima, kama anayefuta ubao.

"Sijampima," akasema alipopata sauti. "Wala sijampa neno lolote."

"Basi kuna mtu anatumia mizani yako."

Jioni ile hakungoja hata kuvua viatu.

"Mke mwenza! Njoo hapa."

Rula akatoka chumbani, rula mkononi. "Nimefanya nini?"

"Nani kakupa labda?"

Mtoto akamwangalia kama anayeulizwa jina lake na mama yake mzazi. "Wewe."

"Mimi? Nimekupima lini?"

"Jumamosi. Ulikuwa unashona koti langu. Nikakuuliza Tundu la Sindano, ukasema labda utapita. Hata kuniangalia hukuniangalia, Bibi. Nikajua hutaki nione uso wako."

Bi Mizani alisimama na kiatu kimoja mkononi. Taratibu Jumamosi ikamrudia: dirisha, mwanga, ncha ya uzi.

"Uzi," akasema.

"Uzi gani?"

"Uzi utapita! Nilikuwa nasema na uzi, mwanangu! U-ta-pi-ta, uzi, si wewe!"

"Mtu anasemaje na uzi?"

"Ukifika umri wangu utasema na uzi, na sindano, na kifungo, na vyote vitakujibu kuliko wajukuu."

Wakacheka. Walicheka mpaka Bibi akavua miwani akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa, akacheka upya. Mwalimu mzima, mtu aliyeyatenga maneno manne kwa mizani ili pasiwe na utata, amepigwa chenga na herufi moja, u, ambayo lugha yetu imempa mtu unayesema naye na ikaupa uzi pia bila kubagua.

Rula ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Kwa hiyo mimi sijapimwa."

"Hujapimwa."

"Hata yule anayelala kwenye kipindi cha kemia kapimwa. Mimi kila siku kesho. Unaogopa nini, Bibi? Ni mbaya kiasi hicho?"

"Sijui kama ni mbaya. Sijaangalia. Naogopa watu watasema..."

"Watu gani? Wanakula kwetu?"

"Hawali. Lakini jina la nyumba hii, Rula, si langu peke yangu. Nimeachiwa nilishike."

Rula akainua macho kwenye picha ya ukutani. "Na mume wetu angesema nini?"

Lilikuwa swali la utani, na halikuwa la utani. Bi Mizani naye akaitazama ile picha. Marehemu alikuwa amepigwa picha akiwa na suti ya harusi ya mtu mwingine, kola imemzidi, lakini macho yalikuwa yake.

"Mume wetu angesema nimekuwa mwoga," akasema. "Haya. Maombi yanafungwa Ijumaa, bado yanabadilika. Kesho baada ya kipindi cha mwisho. Ofisini. Na ugonge."

Kesho yake alimwomba Desimali akae naye kama shahidi, kwenye kigoda karibu na dirisha.

"Ukiniona navuta ngoma upande wangu, kohoa."

"Nina kikohozi kizuri," akasema Desimali.

Mlango ukagongwa. Rula, aliyelala katika nyumba ya mwenye fito hizo na kuzijua kuliko mwanafunzi yeyote, akaingia kwa kasi, na fito zote zikamshukia begani.

"Shikamoo Bi..."

"Marahaba. Hapa hakuna bibi. Okota hizo, uketi."

Akaokota, akaketi. Bi Mizani akamwuliza kama alivyowauliza wote: unataka kusoma nini, na kwa nini. Alikuwa hajawahi kumwuliza hilo la pili nyumbani. Alidhani analijua.

"Usanifu wa majengo, Mwalimu. Kwa sababu nyumba nyingi zinachorwa na watu ambao hawajawahi kufua. Kamba ya kuanikia haina mahali pake. Beseni halina mahali pake. Mtu anakuja na ndoo anakuta mlango unafungukia upande wa mkono uliobeba. Nyumba inakamilika, halafu watu ndio wanaambiwa wajikunje. Nataka kuta ndizo zijikunje."

Desimali aligeuka kutoka dirishani. Bi Mizani aliinamisha uso kwenye karatasi za alama kuliko ilivyohitajika.

"Hesabu nzuri," akasema. "Uchoraji mzuri. Fizikia mbaya."

Desimali akakohoa.

"Nini? Sijamvutia!"

"Umevutia upande wa pili, Bi Mizani. Fizikia mbaya ni ya watoto wengine, nawajua kwa majina. Ya huyu ni ya wastani. Inachechemea lakini inatembea."

Bi Mizani akavuta pumzi. Alikuwa amejiandaa kwa kosa moja, akaliangukia lingine. "Fizikia ya wastani," akasahihisha, na sauti yake ikawa ile ya siku zote. "Sasa michoro."

Rula akafungua jalada lake kubwa. Nyumba, ngazi, madirisha, paa juu ya paa, mistari iliyonyooka hata ikakutia kiu. Bi Mizani alifunua karatasi moja moja mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Watu wako wapi?"

"Watu?"

"Umeniambia kuhusu mtu mwenye ndoo. Nimemtafuta humu, sijamwona. Ngazi zote hizi, hakuna anayepanda."

Safari hii Desimali hakukohoa. Rula aliitazama michoro yake kana kwamba imeletwa na mtu mwingine.

"Sikiliza neno lako," akasema Bi Mizani. "Watoto wenye alama hizi na mikono hii nimewahi kuwapeleka Tundu la Sindano. Wengine waliingia, wengine walirudi, na ukiwapanga mistari miwili, mistari inalingana. Huenda. Matofali, ukikiweka cha kwanza, yamkini. Ukikiweka cha pili, nako kunakuwa huenda, kwa sababu nafasi za waliochelewa ni chache. Cha tatu chako ni yamkini, lakini hakifundishi usanifu. Umenielewa?"

"Nikifuata moyo nina huenda mbili."

"Mbili."

"Wewe ungechagua nini, Mwalimu?"

"Mizani haichagui. Inasema kilo."

Rula alitembeza kidole kwenye ukingo wa meza, bila shaka akiupima. Kisha uso ukamfunguka. Kati ya labda aliyokuwa ameibeba tangu Jumamosi na huenda hii, kulikuwa na nafasi ya kutosha mtu kusimama.

"Mwalimu wa hesabu," akasema, "chumba cha kompyuta bado kiko wazi?"

"Nina ufunguo," akasema Desimali, akainuka.

Siku zilizobaki kabla ya Ijumaa Rula alizitumia kwenye mabomba ya shule, nyuma ya ofisi ya bibi yake. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akachora foleni: msichana aliyesimama kwa mguu mmoja, mpishi aliyejitwisha sufuria, wawili wanaogombania koki moja huku nyingine inachuruzika bila mtu. Bi Mizani alimwona kila alipoinua macho kutoka kwenye kazi yake, na kila mara aliinamisha tena.

Tundu la Sindano wakamwita kwenye usaili.

Jumapili iliyofuata mhandisi alikuja kumwona mama yake, akiwa amevaa viatu vya kanisani na uso wa kikao. Alikula, akasifu, akanawa mikono, akaanza.

"Mama, nimesikia nani yuko kwenye jopo la usaili."

"Hata mimi nimesikia."

"Yule uliyemfundisha jiografia. Mpaka leo akikuona barabarani anashuka kwenye gari."

"Ana adabu. Alikuwa na adabu tangu mtoto."

"Basi mpigie simu. Neno moja tu."

"Neno gani?"

"Kwamba huyu ni wako."

"Na yule mtoto atakayeketi baada yake, asiye wangu, nimpigie nani?"

"Mama, mimi sikuombi uibe. Naomba jina la baba lifanye kazi kidogo. Wenzetu wote wanasema neno."

"Wenzetu akina nani?"

Mama yake akamjazia glasi ya maji.

"Jina la baba yako lilishafanya kazi, tena kwako," akasema. "Ulipoanguka mtihani, yeye ndiye mwalimu mkuu, kalamu anayo yeye, akakurudisha darasa kama mtoto wa mtu yeyote. Ulilia wiki nzima."

"Nilimchukia."

"Najua. Nilikuwa nafua mito yako. Lakini niambie, barabara zako zina mashimo?"

Mhandisi alitaka kununa zaidi, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. "Hazina, Mama."

"Hazina. Basi."

Rula alikuwa amesimama mlangoni na sahani za kuosha. "Baba," akasema, "wakinichukua, nataka niwe mimi waliyemchukua. Na wakinikataa pia, nataka niwe mimi."

"Wewe nani kakuita kwenye mazungumzo ya wakubwa?"

"Mazungumzo yenyewe ni mimi."

"Kaburudishe mdomo huo jikoni," akasema baba yake, lakini simu haikupigwa, si siku ile wala baadaye. Mhandisi aliondoka mapema kuliko kawaida, akasahau kusahau: akachukua hata mwavuli wake, ambao kila wiki aliuacha ili apate sababu ya kurudi.

Usaili ukapita. Rula aliporudi alisema walimuuliza mambo mengi juu ya ile foleni ya mabombani, wakacheka pale pa kucheka, halafu wakamuuliza kuhusu mizigo na mihimili, na hapo fizikia ikaanza kuchechemea mbele za watu.

Majibu yalikuja wakati wa masomo. Bi Mizani alikuwa ofisini akipanga meza yake mlango ulipogongwa, ukafunguliwa taratibu mno.

"Wamenikataa, Mwalimu."

Bi Mizani alisimama, akazunguka hadi upande wa pili wa meza, akaufunga mlango. Tangu apewe chumba kile hakuwahi kumzungukia mwanafunzi. Alimkumbatia, na Rula akalia kidogo kwenye bega la gauni lake la kazi, si kilio cha msiba, kilio cha mtu aliyekimbia mbio ndefu akapitwa na mwingine kwa kifua. Kengele ikalia, wakaiacha ilie.

"Unajuta kukiweka cha kwanza?" Bibi akamuuliza.

Rula akafikiri kwa uaminifu, akifuta pua. "Hapana. Ningejuta lile chaguo la uzi."

Nyumba ilipitia siku za kutembea kwa vidole. Mhandisi alipiga simu na hakusema "nilikwambia", lakini alivuta pumzi pale ambapo maneno hayo yangekaa. Bi Mizani alipokea kila simu yake, akamjulisha hali ya hewa. Usiku mmoja mmoja alijiuliza, naam, alijiuliza, neno moja lingegharimu nini. Jibu lilikuwa lilelile kila alipoliuliza, na halikumfurahisha wala kumsumbua. Lilikuwa jibu tu.

Kisha Matofali wakaandika. Rula alikuwa miongoni mwa wale wachache wa chaguo la pili. Alipiga kelele iliyomtoa jirani nje na taulo kichwani, akamwinua bibi yake kutoka kwenye kiti, na mama mtu mzima akajikuta anazungushwa sebuleni akisema, "Niweke chini, mke mwenza, utanivunja, bado nina wanafunzi!"

Alikwenda Matofali na muhula wa kwanza haukuisha kabla mambo hayajaanza kusikika. Walimu wa kule waliwapa wanafunzi wapya kazi ya kuchora uwanja wa kufulia kwa ajili ya bweni. Wengi walichora paa zuri. Rula alichora kwanza mwanamke mwenye beseni, akauliza kila ukuta utampisha vipi. Mchoro wake ukatundikwa kwenye ukumbi wa kuingilia, na mhandisi, aliyekwenda kumpelekea binti yake godoro, alisimama mbele ya mchoro huo mpaka mlinzi akamwuliza kama amepotea.

Jumapili iliyofuata Bi Mizani aliketi dirishani na kikombe chake cha chai. Nje, getini, mwanawe alikuwa amefika, lakini hakuingia. Alikuwa amemkamata jirani, fundi wa vioo, na sauti yake ilifika ndani bila taabu.

"Kile chuo, ndugu yangu, ni kigumu! Kigumu kuliko hata Tundu la Sindano!"

"Acha wewe!"

"Nakwambia! Mbali kabisa. Wanachukua watu kiduchu, tena kwa kuwachuja kama chai. Na binti yangu hakusemewa na mtu. Aliingia kwa miguu yake. Kwetu, kwa kweli, hatuna desturi ya kusemeana."

Bi Mizani akaweka kikombe chini. Matofali hakikuwa kigumu kuliko Tundu la Sindano, hata kidogo. Alikuwa na kumbukumbu ya miaka mingi kichwani, na angeweza kumwambia fundi wa vioo tofauti yake palepale, na Desimali akaongeza nukta. Akainuka, akafungua kinywa.

Mwanawe alikuwa amekaza kola ya shati, kifua mbele, akiendelea. Bi Mizani akafumba kinywa, kisha akalirudisha dirisha polepole, kwa mikono miwili, bawaba zisije zikalia zikamkatiza.